Pua Yangu na Vidole vya Générose

Wenzangu wa pavilioni ya wanawake hapo hospitali yetu ya wagonjwa wa akili, na ninyi wa pavilioni ya wanaume mnaojifanya mna kazi nyingi kuliko wao,

Siku niliyorudisha funguo mliniambia, "Mama Zuhura, utuandikie." Nikacheka, nikasema nitaandika nikikosa la kufanya. Sasa niko nyumbani Buyenzi mwezi wa pili huu, kabati nimelipanga upya mara tatu, na wajukuu wakisikia kandambili zangu wanatokea mlango wa nyuma. Basi naandika. Vyeo na mishahara sitavigusa. Vya kwanza havikuwa vingi, na ya pili mnaijua wenyewe. Nitasema ya kazi, na katika kazi nitasema zaidi ya mwanamke mmoja wa Buterere, ambaye nilimkosea kwa pua hii hii niliyokuwa nikiringia.

Siku ya kwanza nilifika na viatu vyeupe vipya. Asiniige mtu. Kabla ya saa nne mgonjwa mmoja alikuwa ameshavimwagia uji, tena kwa utulivu, kama anayemwagilia mboga. Mzee Salvator, muuguzi mkuu wa pavilioni, alivitazama, akanitazama, akasema, "Sasa umeajiriwa."

Wengi wenu hamkumkuta. Alikuwa mtu wa Musaga, mrefu, mwembamba, mkristo wa kwenda misa ya kwanza, na alikuwa akiwavulia kofia wagonjwa kabla hajawavulia madaktari. Alinikabidhi vitu vitatu: kifungu cha funguo, rejista ya jalada la buluu, na kipimajoto kilicholala ndani ya kijaluba cha bati. "Hii ukiivunja," aliniambia, "vunja na mukono yako, ili tukuandikie likizo." Kile kijaluba nilikibeba mfukoni miaka yote, na bati lake lililainika kwa vidole vyangu.

Chombo cha nne hakikuandikwa popote. Kilikuwa pua.

Mjue kwamba zamani hizo laburatwari yetu, yaani maabara, ilikuwa meza moja na mtu mmoja, na mtu mwenyewe mara nyingi hayupo. Familia inamleta ndugu yao amefungwa kamba, wanaongea wote kwa pamoja. Huyu anasema amerogwa, yule anasema mapepo, shangazi kwa nyuma anasema ni mapenzi. Mzee Salvator aliwaacha waseme. Yeye alimshika mgonjwa mkono, kama tunavyosalimiana hapa, salamu ndefu ya kuulizana nyumbani, mvua, ng'ombe hata kama hakuna ng'ombe, na huku anainama karibu kama mtu asiyesikia vizuri. Kumbe ananusa vidole. Pombe ya ndizi ina harufu yake. Gundi ina yake. Bangi, ambayo Kirundi wanaiita urumogi, ina harufu ya majani mabichi yaliyofungiwa kwenye kopo, na utomvu wake hautoki kwenye ngozi upesi hata mtu akinawa. Akiinusa hiyo, mgonjwa alipewa chumba kimya, maji mengi, sindano ndogo ya kutuliza, na siku kadhaa za kungojea. Mara nyingi alipatia.

Tatizo lake lilikuwa kuinama. Wagonjwa wetu ni wagonjwa, si vipofu. Mmoja alimwona anavyokuja na pua, akaikamata kwa vidole viwili, na ilibidi watu watatu waende kuikomboa.

Hapo ndipo mimi nikapata jina. Sisi Waislamu tuliokulia Buyenzi, ukimsalimu mtu mzima unamshika mkono, kisha mkono wako mwenyewe unaupeleka midomoni. Ni adabu, tumefundishwa kabla ya kujua kusoma. Siku moja nikamsalimu mgonjwa hivyo, kwa mazoea tu, na mkono ulipofika midomoni nikasikia bangi waziwazi. Sikuinama, sikumsogelea. Harufu ilikuja yenyewe mpaka chini ya pua. Nilipomwonyesha Mzee Salvator alicheka mpaka akaketi juu ya ndoo.

"Zuhura, we iko mwizi," alisema. "Mutu anazani unamupa heshima."

"Ninamupa heshima, Muzee. Harufu ananipa mwenyewe."

Alipostaafu akaniachia pavilioni nzima. Kufikia hapo watu walikuwa wakiniita Laburatwari. Wanafunzi wa uuguzi waliletwa kuniona nikisalimu, nami, Mungu anisamehe, nilikuwa navaa khanga nzuri siku hizo. Katika rejista kuna safu ya mwisho iitwayo "sababu." Wengine waliijaza kwa sentensi mbili zenye wasiwasi. Mimi niliandika neno moja.

Générose aliletwa asubuhi moja ya masika, miaka michache iliyopita. Wengine wenu mlikuwepo. Mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mkulima wa mpunga kule Buterere, mama wa watoto watatu, mwimbaji wa kwaya. Mumewe Tharcisse na majirani wawili walikuwa wamembeba kwa zamu, nguo zimelowa. Alikuwa anaongea bila kupumua, kisha ananyamaza ghafla na kutazama ukuta, akisema maji yanapanda. Nikamuuliza majina ya watoto wake. Alitafuta, akatafuta, akaanza kulia.

Nikamshika mkono, nikamsalimu, nikapeleka wangu midomoni. Bangi. Tena mbichi, kama imechumwa jana.

Nitasema kweli maana nimestaafu na hakuna wa kunifukuza: nilifurahi. Mwimbaji wa kwaya, nani angedhani? Nilijiambia, pua yangu imedhani. Nikamvuta Tharcisse kando ya korido.

"Bwana Tharcisse, mama anavuta urumogi?"

"Apana," alisema. "Apana, Mama. Haiwezekani."

"Mikono yake inasema ingine."

Aliitazama mikono yake mwenyewe, sijui kwa nini. Nikaandika BANGI kwenye rejista na kwenye karatasi aliyoondoka nayo mumewe, nikampa Générose sindano, nikaenda kwa mgonjwa mwingine. Mkono wake ulikuwa wa moto. Niliusikia kabisa. Nikajiambia ametembezwa juani. Jua gani? Ilikuwa inanyesha tangu alfajiri, mumewe alikuwa anachuruzika maji mbele yangu. Kipimajoto kilikuwa mfukoni, na sikufungua kijaluba.

Siku mbili zilipita hivyo. Alikuwa anasinzia, nasi tukasema dawa inafanya kazi. Siku ya tatu akaja dada yake mkubwa, Béatrice, na sufuria ya wali na ndagala, dagaa wetu wa ziwani. Alipoona neno lililoandikwa kwenye kadi ya kitanda aliweka sufuria chini polepole.

"Nani ameandika hii?"

"Mimi."

"Generoza havutagi hata sigara. Hii ni ya kuku."

Nikamwambia sijaelewa. Akanieleza kama anavyoelezwa mtoto. Kuku wa mama mkwe wa Générose walikuwa wanakufa: wanasinzia, wanaharisha kijani, asubuhi wawili wamelala miguu juu. Na kule watu wana dawa yao ya tangu zamani, unasaga majani ya bangi kwa mikono, unachanganya na maji, unawanywesha mmoja mmoja. Générose alikuwa amesaga juma zima. "Na juma zima," Béatrice akasema, "alikuwa anasema kichwa inamuuma, mwanga inamuuma. Hamukuuliza?"

Hatukuuliza. Nilikwenda kitandani nikafungua kijaluba. Zebaki ilipanda ikapita thelathini na tisa, ikaendelea. Nikamwita Daktari Nadège, yule kijana wetu aliyekuwa ametoka masomoni. Aliweka mkono nyuma ya kichwa cha Générose na kujaribu kukiinua, na shingo haikukunjika. Alinitazama mara moja tu, akaenda kutafuta gari la wagonjwa.

Kwenye hospitali kubwa walimtoa maji ya uti wa mgongo, wakakuta maambukizi yameingia hadi kwenye ubongo, nao umevimba. Kwa siku kadhaa hakuna aliyejua kama ataishi. Kila nikitoka kazini nilikwenda kukaa kwenye benchi la nje ya wodi yake. Béatrice alikuwa anakaa upande wa pili wa benchi hilo hilo, na katikati yetu anaweka sufuria. Nilijichukia siku hizo. Sikujua kwamba mtu mzima anaweza kujichukia namna ile na bado akapiga mswaki na kwenda kazini.

Daktari Nadège hakunigombeza. Ingekuwa nafuu. Aliniita ofisini, akachukua boksi tupu la dawa, akaligeuza na kuchora juu yake kitu kama viazi viwili.

"Mama Zuhura, kwa nini urumogi inaweza kumubadilisha mutu akili?"

"Kwa sababu ni sumu."

"Apana. Ni kwa sababu ubongo iko na nafasi yake tayari." Akatia vidoti juu ya kiazi cha kwanza. "Hizi ni récepteurs. Vipokezi. Ubongo wenyewe inatengeneza dawa yake ndogo ndogo, inakuja inakaa hapa, inasema: punguza, tulia, inatosha. Urumogi inafanana na ile dawa. Inakuja inakaa pahali pasipo pake."

Nikamuuliza kiazi cha pili ni cha nini.

"Hizi si seli za kufikiri. Hizi ni walinzi. Ubongo iko na askari wake ndani, wanafagia uchafu, wanapigana na mikrobu. Na wao wako na vipokezi, vya aina ingine. Ubongo ikiwaka, walinzi wanaongeza hivyo vipokezi, mingi sana. Inaonekana ni breki yao, ili wasipigane mpaka wavunje nyumba."

Nilikwenda na lile boksi nyumbani, nikalitazama huku nachambua mchele, na nikalielewa kwa njia yangu. Ni viti vya harusi ya Buyenzi. Wenye harusi wameweka viti vya watu wao sebuleni, na vingine mlangoni kwa vijana wanaolinda. Wageni wenyewe huja wachache wachache, wanakaa kidogo, wanaondoka, harusi inakwenda. Bangi ni lile kundi la majirani ambao hawakualikwa: linaingia kwa pamoja na kukalia kila kiti, sebuleni na mlangoni, na haliondoki. Sebule inavurugika, na huo ndio wazimu tunaouona sisi, hasa kwa kijana ambaye ubongo wake bado unajengwa, au mwenye ugonjwa wa akili katika ukoo. Lakini sebule inaweza kuvurugika bila jirani yeyote kuingia. Walinzi wakipigana na mwizi ndani ya nyumba, meza zinapinduka vilevile, na mtu wa nje anasikia kelele ile ile.

Ndivyo ilivyokuwa kwa Générose. Nilisikia kelele, nikanusa jirani, nikamshitaki jirani. Mwizi alikuwa ndani anaendelea na kazi yake.

Na msije mkaniambia, kama mmoja wenu alivyosema siku hiyo nilipowaeleza, kwamba basi ikiwa vile viti vya mlangoni ni breki ya walinzi, bangi itakuwa dawa ya ubongo uliovimba. Nilimpeleka kwa Daktari Nadège. Alimwambia kwamba watafiti wameona hili na lile kwa panya, wanatafuta dawa itakayokalia viti vya mlangoni peke yake bila kugusa sebule, na kwa binadamu mambo mengi bado hayajajulikana. "Na moshi haichaguagi kiti," akasema. Andikeni hiyo mahali.

Générose alifungua macho. Neno la kwanza lilikuwa jina la mtoto wake wa mwisho, la pili na la tatu yakafuata, kwa mpangilio. Nililia kwenye benchi, na Béatrice akanipa kipande cha khanga yake nifutie. Kisha akaniambia jambo ambalo alikuwa amelishika tangu siku za kwanza za benchi.

"Anawaita watoto, lakini hawatakuja. Tharcisse amewapeleka kwa mama yake. Amesema mwanamuke wa rumogi haingii tena mu nyumba yake. Mi nikisema ni ya kuku, anasema ninamufichia mudogo wangu. Na kwaya wamemutoa."

"Nani aliwaambia?"

"We. Iko karatasi."

Maji yakimwagika hayazoleki, tunasema hivyo, na tukishasema tunakaa kitako. Daktari Nadège alitaka kuandika barua yenye muhuri. Nikamwambia lile neno nililitoa kwa mdomo wangu, nitalifuata kwa miguu yangu.

Kabla ya kwenda nilipanda Musaga kumwona Mzee Salvator. Nilihitaji mtu wa kuniambia kwamba ningeweza kubaki nyumbani. Nilimkuta uani anapukuchua mahindi. Nikamsimulia yote: mkono, mvua, kuku, kijaluba. Alisikiliza mpaka mwisho na mahindi mkononi. Nilitegemea atanitetea, au atatetea pua.

"Na wangu?" akasema mwishowe. "Wale wangu wote, Zuhura. Nani ataenda kwa wangu?"

Alinisindikiza mpaka barabarani, akavua kofia. "Enda. Ukifika usijitetee."

Buterere masika mnaijua. Béatrice alinitangulia, tukavua viatu kwenye daraja la mbao na kwenda pekupeku mpaka kwa mama yake Tharcisse, Mama Ancille. Nyumba ilikuwa na alama ya maji ukutani, usawa wa goti. Uani walibaki kuku wanne. Watoto watatu walikuwa mlangoni, mdogo ameshika nguo ya mkubwa. Tharcisse alikuwepo, na mzee mmoja wa kanisa alikuwa ameitwa, maana Béatrice alikuwa ametuma habari kwamba muganga, yaani mtu wa hospitali, anakuja.

Mama Ancille alinyanyuka kunisalimu. Mwanamke mkavu, vidole vimepinda kwa baridi yabisi. Nikamshika mkono kwa heshima zote, na kwa mazoea ya miaka yangu yote nikapeleka wangu midomoni.

Bangi. Mbichi, kama jana.

Jamani. Nilisimama pale na mkono midomoni. Kwa kuwa Générose hayupo, kikongwe alikuwa amesaga mwenyewe, kwa vidole vile vinavyouma. Alikuwa anajua kila kitu. Alijua majani ni ya nani na ya kazi gani, akanyamaza, mkwe wake anaitwa mvuta bangi, wajukuu wanalia. Alikuwa anaogopa, bila shaka. Majani yale ni kosa la kufungwa, na aibu ya mtu mzima mbele ya mzee wa kanisa si kitu kidogo. Béatrice alinitazama anangoja. Ningesema sentensi moja tu, "Mikono yako inasema ingine, Mama," na kila kitu kingekwisha. Mdomo ulikuwa tayari umefunguka.

Lakini hiyo ndiyo sentensi iliyonileta pale. Nikaketi kwenye kigoda nilichopewa.

"Mimi ni Zuhura," nikasema. "Ni mi niliyeandika bangi juu ya Generoza, na nilikosea. Alikuwa na homa ya ubongo. Nilimusalimu hivi." Nikawaonyesha: mkono mbele, mkono midomoni. "Watu wanazani ni heshima. Mi nilikuwa ninanusa. Nikasikia harufu, nikaacha kutafuta. Homa yake niliisikia mu mukono wangu, sikuipima. Angekufa, ni mi ningekuwa nimemuua."

Mzee wa kanisa akakohoa. Tharcisse hakuinua macho. Mama Ancille alikuwa anautazama mkono wangu, ule niliokuwa nimempa, kisha akautazama wake. Akaukunja ndani ya kitambaa chake polepole. Nilijua amejua.

Nikaendelea kuwaeleza habari ya viti vya harusi, sebule na walinzi, maana nilikuwa nimeiandaa njiani na sikujua kufanya nini kingine. Niliposema kwamba walinzi wakipigana ndani mtu anaweza kuongea kama mwendawazimu bila kuonja kitu chochote, Mama Ancille akauliza kwa sauti ndogo:

"Na kama angekuwa anavuta?"

"Hata angekuwa anavuta, Mama, homa ingekuwa homa. Ilibidi nipime."

Kuku mmoja akapita katikati yetu, akadonoa mguu wa kigoda, akaenda zake.

"Ni ya kuku," Mama Ancille akasema. Hakumwangalia mtu. "Hayo majani. Ni mi nilimutuma. Mikono inaniuma, siwezi kusaga. Alisema, Mama, kichwa inaniuma, mi nikasema, maliza kwanza." Kisha akatoa mkono kwenye kitambaa na kuunyoosha mbele ya mwanawe, kiganja juu, kama anayetaka kuwekewa kitu. "Nusa."

Tharcisse hakunusa. Alisimama akatoka nje, nasi tukasikia maji yanamwagika. Nilidhani amekasirika na kuondoka. Alikuwa anawanawisha watoto miguu. Alirudi amembeba mdogo begani.

"Hospitali wanafunga saa ngapi kuona wagonjwa?" akaniuliza.

Kesho yake nilifungua rejista. Mzee Salvator alitufundisha kwamba kosa la rejista halifutwi kwa kulipaka wino, linapigwa mstari mmoja tu, ili anayekuja aweze kulisoma. Nikapiga mstari juu ya BANGI, nikaandika pembeni: homa ya ubongo, nilikosea, Zuhura. Bado iko, katafuteni. Na ile karatasi iliyobandikwa juu ya meza ya mapokezi, ambayo mmeipigia picha na kuitania, ndiyo asili yake: JOTO KWANZA, MKONO BAADAYE. Tangu hapo tumepokea wavutaji wa kweli wengi, wanaonuka toka getini, na wawili kati yao kipimajoto kilitutuma tuwapeleke hospitali kubwa siku hiyo hiyo. Kwa pua yangu peke yake, wangelala kwetu wakingojea moshi utoke.

Générose hakurudi kama alivyokuwa. Nawaambia msije mkafikiri nimewapambia. Mkono wa kushoto unatetemeka, na maneno ya nyimbo yanampotea, kwa hiyo kwaya wamemrudisha anasimama safu ya nyuma na karatasi mkononi. Mimi na yeye tukawa watu wa kutembeleana. Nilimwomba msamaha mara moja, alinipa mara moja, na habari ya kumnusa hatukuigusa kamwe. Nilidhani Tharcisse alimweleza, na nilikuwa naona haya.

Sasa siku ya kuniaga. Mlikuwa wengi, hotuba zilikuwa ndefu, na yule aliyesema nimefanya kazi "bila doa" nilimtazama vibaya na hakujua kwa nini. Générose aliingia wakati wa soda, amevaa sare ya kwaya, kwapani ana kuku wa Mama Ancille amefungwa miguu. Mlicheka kwa sababu ya kuku, kwa hiyo hamkuona kilichofuata.

Alimkabidhi kuku kwa Béatrice, aliyekuja naye. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akaniuliza nyumbani, mvua, wajukuu, salamu ndefu kabisa. Kisha akauachia, na yeye, mkristo wa Buterere ambaye hakulelewa hivyo, akapeleka mkono wake midomoni na kufumba macho.

"Inanuka nini?" nikamuuliza.

"Sabuni," akasema. "Ni sabuni tu. Enda nyumbani, Mama Zuhura, we iko muzima."

"Tharcisse alikuambia."

"Apana. Nilijua siku ile ile. Majina ya watoto yalikuwa yamepotea, lakini ile niliiona. Nilizani unanusa kama nimeanza kuoza." Alisema bila uchungu, kama mtu anayekumbuka ndoto. Kisha akachukua mkono wangu, ule ule, akaunyanyua kwa mkono wake unaotetemeka na kuuweka juu ya paji la uso wake. "Ilitakiwa uanzie hapa."

Nikauacha pale. Paji lake lilikuwa la baridi.